Pesa Iliyotumwa kwa Mama Shamsa

Nimeacha kazi. Nina miaka ishirini na saba, mtoto wangu bado ananyonya, na majirani hapa Buyenzi wananicheka nikisema nimestaafu. Wacheke. Miaka minane katika nyumba ya mnada, katika mji huu, vita vikiwa juu ya vilima tunavyoviona kutoka mlangoni, yatosha kuitwa maisha ya kazi. Patroni, mwenye mnada, ameajiri wasichana wawili kushika meza niliyokuwa naishika peke yangu. Mmoja alikuja juzi kuniuliza kazi inafanywaje. Nilikuwa nakoroga uji, mtoto analia, nikamwambia nenda, nitakuandikia. Basi hii ni yenu wawili. Nitaandika ninavyosema. Kupamba maneno sijui na muda sina.

Nilianza nikiwa nimetoka shule ya sekondari. Chuo kikuu sikukiota: kilikuwa kinafungwa, kinafunguliwa, na njia ya kupanda hadi kilipo, Mutanga, ilikuwa na siku zake za kupitika na siku za kurudi nyuma mbio. Mama Goreti, keshia wa mnada, alikuwa amefahamiana na marehemu mama yangu sokoni. Aliniingiza ndani kama mtu anavyoingiza kiti cha ziada. Patroni aliniangalia mara moja, akasema, "Haya, huyu mudogo afute friji." Tangu siku hiyo nikawa Mudogo.

Depo mnaijua, lile ghala la mtaa wa viwanda lenye mlango wa chuma unaolia. Siku ya kwanza kilichonipiga ni harufu. Ilikuwa harufu ya nyumba za watu: vitunguu vya jiko la mtu fulani, dawa ya nondo, godoro la mtoto. Kila aliyeondoka Bujumbura miaka ile alituachia vitu. Wazungu wa miradi waliitwa na balozi zao asubuhi wakaondoka jioni. Wafanyabiashara walisema wanakwenda likizo, kama vile mtu wa likizo anauza kitanda. Sisi tulipokea, tukafuta, tukabandika namba, na Jumamosi mnadi akapanda juu ya meza na kugonga kwa mguu wa kiti kilichovunjika. Nyundo yake nzuri ilikuwa imeuzwa kwa makosa, mnadani, na yeye mwenyewe. Aliyeinunua alikataa kuirudisha. Alisema imegongwa, imekwisha.

Mama Goreti alinifundisha vitu ambavyo hamtavikuta popote. Fungua kila droo, maana watu wanaokimbia wanasahau. Nimekuta rozari, vijiko vya fedha, meno ya mtoto ndani ya kiberiti. Picha za watu usitupe, ziweke kwenye katoni. Kuna watu walirudi baada ya miaka kuuliza picha tu, friji hawakuikumbuka. Jenereta usiiamini mpaka uisikie ikinguruma, halafu uisikie ikizimwa, halafu uisikie ikiwashwa tena ikiwa na moto. Wakati wa embargo, majirani wametufungia mipaka na spea haziingii, tuliuza friji mbovu kwa bei ya nzima na watu wakashukuru, kwa sababu waliitaka ile mashine ya nyuma tu. Usimcheke mtu anayenunua kitu kilichokufa. Pengine ana kingine nyumbani kilichokufa upande wa pili.

Kuhusu wanunuzi wenye hasira, hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, haya mengine ni kufuta vumbi. Mara ya kwanza kuona mmoja, alikuwa bwana mkubwa aliyenunua redio akafika nayo nyumbani, akaifungua, ndani hamna kitu. Alirudi anatetemeka. Nikakimbilia kumwomba radhi. Mama Goreti akanisukuma pembeni kwa kiwiko, akamvutia yule bwana kiti. Bwana akakaa. Mama Goreti akamwuliza, polepole, iko na karatasi gani. Yule bwana akatafuta mifukoni, na mtu anayetafuta karatasi hawezi kuendelea kupiga kelele. Ilibainika kwamba redio ile ilifunguliwa na shemeji yake mwenyewe. Akauliza kiti alichokalia kinauzwa bei gani. Akakinunua.

"Umeona," Mama Goreti aliniambia alipotoka. "Usiombe pardon kama haujajua kosa ni ya nani. Ukiomba, imekuwa ya kwako."

Nimeifuata hiyo miaka yote. Mkisahau mengine, shikeni hilo.

Mama Goreti alipohamia Gitega kwa binti yake, nikapewa meza yake na sanduku lake la risiti. Nikaolewa. Bwana wangu anafanya biashara ya kuvuka kati ya hapa na Uvira, ng'ambo ya ziwa. Anapovuka sijui atarudi lini, na yeye hajui. Nikazaa. Mtoto tukamwita Shamsa, na siku niliyorudi kazini Patroni akasema, "Aa, Mama Shamsa, karibu," na Mudogo akafa siku hiyo bila mazishi. Wanunuzi wakaniita Mama Shamsa. Madereva, mnadi, muuza karanga wa mlangoni, wote Mama Shamsa. Sikulalamika. Hapa kwetu ni heshima, na mwanamke mwenye mtoto anayeitwa kwa jina lake la utotoni anaonekana kama hajulikani alikotoka.

Halafu ikaja habari ya intaneti. Mpwa wake Patroni alirudi kutoka Ulaya na wazo: Warundi walioko nje wana pesa na wana ndugu hapa, kwa nini wasinunue mnadani wakiwa huko huko? Akatengeneza ukurasa. Nilipiga picha vitu, nikapeleka disketi kwenye siberi ya mjini, duka la intaneti, mpwa akabandika. Watu wa Brussels na Liège na Montreal wakawa wanaandika bei kwa imeli mpaka Alhamisi mchana, mwenye bei ya juu anachukua. Depo haina laini, kwa hiyo nilikuwa nakwenda siberi kila siku, nachapisha imeli, nabandika ubaoni. Ule ukurasa wenyewe sikuwa nimeuona. Siberi wanalipisha kwa dakika, picha moja inashuka kama maji ya bomba la Buyenzi saa sita mchana, na Patroni alikuwa ananipa pesa ya kusoma imeli tu. Alisema ukurasa ni wa wateja.

Sasa niwaeleze habari ya mashine ya kusaga, kwa sababu ndiyo iliyonitoa.

Ilikuwa mashine nzuri, ya dizeli, ya mradi mmoja uliokuwa umefunga. Inasaga mihogo, mahindi, chochote. Aliyeshinda kwa imeli alikuwa Fidèle, Mrundi wa Liège anayefanya kazi ya kubeba mizigo ghalani. Hakuwa anajinunulia. Alikuwa anamnunulia dada yake Consolate, mjane wa Musaga, ili apate cha kulishia watoto. Nyuma yake kulikuwa na mfanyabiashara wa Kamenge aliyetoa bei ya pili, mtu aliyekuwa anapita depo kila mara na kuigusa ile mashine kama vile ni ng'ombe wake.

Fidèle akaandika kwamba ametuma pesa, wa kwanza kutuma, maana waliomtangulia walilipiwa mkononi na ndugu zao wa hapa. Nyumba ya kutuma pesa aliyotumia si benki. Ni ofisi ya mjini inayopokea faksi kutoka Ubelgiji, unaonyesha karangamuntu, kitambulisho chako, wanatafuta jina lako kwenye faksi, wanakulipa. Nikaenda. Msichana wa dirishani akatafuta. Hakuna. Nikaenda tena baada ya siku mbili tatu. Hakuna. Consolate alifika depo na gari ya kukodi kuchukua mashine, ikabidi nimrudishe. Alilipa gari la watu likaondoka tupu.

Ndipo Fidèle akaanza. Alikuwa anaandika Kifaransa, chenye herufi kubwa nyingi. Aliuliza kama watu wa Buja wamekuwa wezi kwa sababu ya vita au walikuwa wezi tangu zamani. Aliuliza kama najua mtu anabeba masanduku mangapi kule ili kununua mashine ya kusaga. Mtu wa imeli huwezi kumvutia kiti. Nikamwuliza ana karatasi gani. Akajibu anayo, na hanitumii hata namba moja iliyo juu yake, kwa sababu nataka kumwibia mara ya pili.

Akamwandikia Patroni vilevile. Patroni akaniita. Mnajua anavyoita, hainui kichwa.

"Mama Shamsa, huyu bwana anasema alilipa."

"Nimeenda pale, Patroni. Jina yangu haiko."

"Alilipa kwako. Wewe unasema haikufika. Kati ya Liège na wewe hakuna mtu mwingine."

"Kuko faksi."

"Faksi hainunue kanga." Akaniangalia kanga niliyomfungia mtoto mgongoni, kanga ya zamani ambayo rangi yake hata mimi siikumbuki. "Sikiliza. Ijumaa jioni, pesa iwe juu ya hii meza. Kama haiko, mashine Jumamosi inaenda Kamenge, na wewe unaenda kasho. Kamanda nimeshamwambia."

"Na mutoto?"

"Mtoto ana bibi."

Mtoto hana bibi. Mama yangu amekufa, mama mkwe yuko ng'ambo ya ziwa, na Shamsa alikuwa hali kitu zaidi ya ziwa langu na uji wa vijiko viwili. Kasho, kama hamkijui, ni kile chumba cha polisi chenye tundu moja juu. Mwanamke wa avenyu yetu aliingizwa humo Ijumaa kwa kesi ya sufuria, akatoka Jumatano, maziwa yamekauka kabisa. Nilitoka kwenye ofisi ya Patroni. Nilizunguka depo yote. Nilifuta meza iliyokuwa safi.

Nikarudi siberi, nikamwandikia Fidèle mstari mmoja: sitaki namba, sitaki karatasi, niambie tu pesa uliituma kwa jina gani.

Akajibu: kwa jina mliloandika nyinyi wenyewe, madame, au huwa hausomi ukurasa wenu?

Nikalipa dakika kwa pesa yangu ya mafuta ya taa. Ukurasa ukafunguka kidogo kidogo, friji kwanza, halafu kitanda, halafu chini kabisa maneno ya Patroni: malipo yote yatumwe kwa Mama Shamsa, keshia, Bujumbura.

Nilikaa pale nikiangalia. Miaka minane. Huyu mtu alikuwa ananilipa mkononi, hana mkataba wangu, hana kitu. Alipotakiwa kuandika mpokeaji wa pesa za watu, aliandika jina analoniita akitaka chai. Na Fidèle ni mtoto wa hapa. Mzungu angeuliza Mama ni jina gani. Yeye aliona Mama Shamsa akaona ni sawa kabisa, kwa sababu hata kwao anayeuza maziwa ni mama wa fulani.

Nikakimbia kwenye dirisha la faksi kabla hawajafunga.

"Tafuta Shamsa," nikamwambia yule msichana.

Akatafuta. "Iko. Shamsa, jina la kwanza Mama. Imefika zamani sana hii."

"Ni ya kwangu. Lete."

Akaniangalia, akaangalia karangamuntu yangu iliyoandikwa Nshimirimana Zaina, akaangalia mtoto mgongoni. "Mi nakujua vizuri, Mama Shamsa. Na mutoto namujua. Lakini hii karangamuntu inasema mutu mwingine. Nikikupa, jioni mi ndiye nitalipa."

"Sasa nifanye nini?"

"Mwenye alituma arudi kule pale alitumia, abadilishe jina. Kule wakibadilisha, huku tunaona siku ya pili yake."

Mnaona nilipofika. Ilibidi nimwombe mtu anayeniita mwizi aende kuandika pesa yake upya kwa jina asilowahi kulisikia. Nilimweleza kila kitu, kwa Kifaransa changu chote cha sekondari. Nikafuta, nikaandika tena, dakika zinakwenda.

Jibu lake nalikumbuka neno kwa neno. "Kwanza ulikuwa Mama Shamsa. Leo ni mtu mwingine. Kesho utakuwa nani, askofu?" Halafu akasema hivi: dada yake atakuja mtaani kwangu kuuliza. Watu wakimjua huyo Nshimirimana Zaina, atabadilisha jina. Wasipomjua, anaandika kwa polisi yeye mwenyewe. Nikampa avenyu na namba ya nyumba. Nilifurahi, hata. Nani asiyenijua Buyenzi? Nimezaliwa kwenye ua huo huo.

Jumatano nilikuwa kazini, nakwenda mlangoni narudi. Jioni nilipofika nyumbani, Mama Idi, jirani yangu wa mlango kwa mlango, alikuwa ameketi anachagua mawe kwenye mchele. Aliponiona akatabasamu kama mtu aliyekuwekea akiba ya kitu.

"Zaina," akasema, na hapo nikashtuka, maana tangu nizae hajawahi kuniita hivyo. "Leo tumekuokoa."

"Mumeniokoa na nini?"

"Mwanamuke mumoja alikuja hapa, si wa kwetu, iko na karatasi mukononi. Anauliza Nshimirimana Zaina, jina yote, ya kwanza na ya pili. Nikamwambia ile jina hatuijue. Akaenda kwa fundi wa baiskeli, fundi akasema hajaisikia. Akaenda mpaka kwa muuza sambusa. Avenyu nzima, mama. Hakuna mutu alikutoa."

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Mtoto alikuwa anavuta kanga anataka kunyonya na sikuweza hata kuifungua.

"Mama Idi," nikasema, "mumeniua."

Nilimweleza. Alisikiliza mchele ukiwa umesimama mkononi. Nilikuwa na hasira, na sitawaficha, nilimwambia maneno ambayo mwanamke hamwambii jirani aliyemshikia mtoto tangu siku ya kwanza. Nilimwambia amekuwa mwerevu siku nisiyohitaji werevu wa mtu. Aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye nguo, akasema, "Kesho asubuhi tunaenda kwake. Mi mwenyewe nitamwambia."

Alhamisi sikwenda kazini. Tulipanda basi dogo la Musaga, Mama Idi, mimi na Shamsa, anwani ya Consolate nikiwa nayo kwenye karatasi za mashine. Barabarani askari walisimamisha gari, tukateremka, wakakagua, tukapanda. Nyumba ya Consolate ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ua wa watu, mihogo imeanikwa juu ya bati. Alikuwa yule yule niliyemrudisha depo, mwanamke mrefu, mkavu, anaongea Kiswahili cha mtu aliyekijifunzia Kamenge. Alitupa mkeka, kwa sababu mgeni ni mgeni, lakini yeye alibaki amesimama.

"Mi nilifika kwenu," akaniambia. "Niliuliza nyumba tano, sita. Watu wote wamesema ile jina haiko. Nimemwambia kaka yangu vile niliona."

"Ni mimi nilikuambia haiko," Mama Idi akasema. "Wengine walisikia mi nakataa, nao wakakataa."

"Kwa nini unadanganya mutu hujamujua?"

"Kwa sababu sikujui. We ulikuja na karatasi. Unasoma jina ya mutu yote, kama vile iko kwenye karangamuntu. Nani anamuita jirani yake hivyo? Wale walikuja kumuuliza bwana yangu, mwaka ule, walikuwa na karatasi pia. Walisoma jina ya kwanza na ya pili. Mi niliona ni watu wa heshima, wamevaa vizuri. Nikawaonyesha mlango."

Hilo sikuwahi kulisikia. Nimeishi naye ukuta mmoja na nilijua bwana wake alichukuliwa. Hakuwahi kuniambia ni nani aliyeonyesha mlango.

Consolate alichukua kipande cha muhogo kutoka kwenye bati, akakigeuza upande wa pili, akakirudisha. Halafu akaketi kwenye mkeka na sisi.

"Kwetu Kamenge jina ya bwana yangu walisomea kwenye kizingiti," akasema. "Wakauliza, ni hapa? Mi nikajibu ndiyo, ni hapa."

Shamsa alitambaa akaenda akashika kidole cha mguu wa Consolate, akakichunguza, na Consolate akamwacha. Mimi, niliyekuja na maneno yangu yote yamepangwa, na karangamuntu mkononi, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kwenye mfuko wa plastiki, sikusema hata moja.

"Huyu ndiye Shamsa?" Consolate akauliza.

"Ndiye."

"Na we ndiye Zaina."

"Ndiye mimi."

Akainuka akaenda kuazima telefoni kwa mwenye nyumba. Tulimsikia akiongea Kirundi, kwanza polepole. Sauti ya Fidèle ilikuwa inatoka kwenye ile telefoni kama nyuki kwenye kopo. Mtu huyo hakuwa anaamini kirahisi, na katika hilo simlaumu. Alikuwa anauliza anajuaje, anajuaje. Dada yake akamwacha amalize. Halafu akasema, "Fidèle, we hukuwa hapa. Enda ubadilishe jina. Mi niko naangalia mutoto wake." Akafunga.

Aliporudi alitupimia mihogo kwenye mfuko. Mama Idi akakataa mara moja, ya pili akapokea. Ndani ya basi la kurudi nilitaka kumwomba msamaha kwa maneno ya jana yake. Nilifungua mdomo mara mbili. Yeye akamchukua Shamsa mapajani akaanza kumfundisha kupiga makofi, na tukafika hivyo.

Ijumaa nilikuwa kwenye dirisha la faksi kabla halijafunguliwa. Haikuwa imefika. Nikazunguka soko kuu, nikarudi. Haikuwa imefika. Nikaenda nikanyonyesha nyuma ya duka la vitambaa, nikarudi. Msichana wa dirishani alikuwa ameshachoka kuniona, akanyanyua mkono kutoka mbali kunizuia, halafu nikaona haunizuii, unaniita. Nshimirimana Zaina. Akahesabu noti mbele yangu, nikahesabu na mimi, nikatia kidole gumba.

Nilimkuta Patroni anafunga mahesabu. Yule mfanyabiashara wa Kamenge alikuwa nje tayari na lori, anangoja jioni. Niliingia na pesa ndani ya kanga, chini ya mtoto. Sikuiweka mezani.

"Andika risiti kwanza," nikamwambia.

"Risiti ya nini?"

"Kwamba umepokea kutoka kwangu."

Akacheka kidogo, akachukua kalamu, akaandika. Nikasoma kichwa chini miguu juu: nimepokea kutoka kwa Mama Shamsa.

"Chana," nikasema.

"Eh?"

"Chana, Patroni. Andika jina yangu."

Akachana. Akachukua karatasi nyingine, akaweka kalamu juu yake, na kalamu ikasimama pale. Nilimwangalia. Alikuwa anatafuta kweli, kichwani, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye koti la mwaka jana. Hakuona kitu. Nikampa karangamuntu, akanakili herufi moja moja, mdomo unasogea. Nikaweka pesa. Akahesabu mara mbili. Akapiga muhuri, akanipa karatasi, akatoka kumwambia mtu wa Kamenge kwamba mashine imelipiwa. Nilisikia lori likiondoka kwa hasira, na hiyo hasira, asante Mungu, haikuwa ya kuja mezani kwangu.

Aliporudi alikuwa mtu mwema kabisa. Alimshika Shamsa shavu.

"Unaona, imepatikana. Hakuna tatizo. Jumatatu uje mapema, Mama Shamsa, kuna friji za mradi zinaingia."

Kamanda hakumtaja. Kasho hakukitaja.

Nikakunja risiti yangu, nikaitia kwenye kitambaa. Nikavua ufunguo wa depo shingoni nikauweka pale pesa zilipokuwa.

"Hiyo risiti inasema Zaina amemaliza deni," nikamwambia. "Huyo Mama Shamsa mtafute mwenyewe, akija atafungua."

Nikasikia ananiita hadi kwenye mlango wa chuma. Aliita Mama Shamsa mara ngapi sijui. Jina lingine, nadhani, lilikuwa limeshamtoka.